Migahawa ya Hadhi Ukipita Minnesota: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila kiangazi simu yangu hujaa ujumbe wa namna moja. Huyu anaendesha gari kutoka Chicago kwenda harusini Fargo, yule amemleta mama yake hospitali ya Mayo Clinic kule Rochester, mwingine anampeleka binti chuoni, na wote wanauliza: tukifika Minnesota, tule wapi pazuri? Mimi ni mtu wa Mwanza, nimeishi Minneapolis, jiji kubwa la jimbo hili, miaka 13, na wageni nimewazungusha sana. Nimekusanya hapa maswali yanayojirudia na majibu ninayowapa.

Nitangulize msimamo wangu ili usije ukashangaa mbele ya safari. Kwangu mgahawa wa hadhi ni ule unaokulisha kitu cha mahali ulipo, kiasi kwamba ukishavuka mpaka wa jimbo hukipati tena. Kitambaa cheupe mezani na divai ya Ufaransa vipo kila mji mkubwa wa Marekani.

Nina usiku mmoja tu Minneapolis. Niende wapi?

Owamni. Wala usijiulize mara mbili.

Ulifunguliwa Julai 2021 kando ya mto Mississippi, jirani na maporomoko ambayo ramani zinayaita St. Anthony Falls. Wadakota, wenyeji wa hapa tangu kale, waliyaita Owámniyomni, na jina la mgahawa limetoka humo. Mwanzilishi wake ni Sean Sherman, mpishi wa kabila la Oglala Lakota aliyezaliwa Pine Ridge, South Dakota. Jikoni ameweka sharti moja zito: vyakula vilivyoletwa na Wazungu havitumiki. Hakuna ngano, hakuna maziwa wala siagi, hakuna sukari ya miwa, hakuna ng'ombe, nguruwe wala kuku. Ukisikia hivyo waweza kudhani utaletewa majani matupu. Kinachofika mezani ni nyama ya baisoni, bata, bata mzinga, samaki wa maziwani, mahindi ya rangi, maharage, maboga, matunda ya porini, na utamu wa maji ya mti wa maple yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito kama asali. Mwaka 2022 James Beard Foundation, taasisi ambayo tuzo zake ndizo zinazoheshimiwa zaidi na wapishi wa Marekani, iliutangaza kuwa mgahawa mpya bora wa nchi nzima.

Nilimpeleka mama alipokuja kunitembelea. Alichukua kichapati cha mahindi, akakinusa, akakitafuna taratibu huku akiangalia dirishani, halafu akaniuliza: "Hawa nao wanatia magadi?" Hakuwa mbali. Wenyeji wa Amerika tangu enzi huchemsha mahindi kwa majivu au chokaa mpaka ganda litoke na punje ilainike, na harufu ile mama aliifahamu tangu jikoni kwa bibi yake. Hakuwa na haja ya tafsiri ya menyu tena. Alimaliza cha kwake, akahamia sahani yangu.

Kabla hujatoka angalia anwani na saa za kazi kwenye tovuti yao. Usitegemee kurasa za miaka mitatu iliyopita.

Kila menyu ya hadhi hapa ina kitu kinaitwa wild rice. Ni mchele gani huo?

Si mchele hasa. Ni mbegu ya jani refu linalojiotea kwenye maji ya kina kifupi, katika maziwa na mito ya kaskazini. Waojibwe, kabila jingine la wenyeji wa hapa, wanaita manoomin, na ndiyo nafaka rasmi ya jimbo tangu 1977.

Kuanzia mwishoni mwa Agosti, watu wawili huingia mtumbwini. Mmoja anasukuma kwa pondo. Mwenzake ana fimbo mbili nyepesi; kwa moja anayainamisha mashuke juu ya mtumbwi, kwa nyingine anayapiga polepole, na punje zilizoiva zinadondoka ndani. Zisizoiva zinabaki shinani, na baadhi ya zilizoiva huanguka majini zikaota mwakani. Nchi kavu hukaangwa kwa moto wa kuni, hupurwa, hupepetwa. Kama uliwahi kumtazama shangazi akipepeta mpunga kwa ungo, upepo ukichukua makapi, unaijua kazi hii nusu nzima.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wageni wengi wanapopitwa. Iko ya aina mbili. Ile inayolimwa mashambani kwa mashine ni nyeusi, inang'aa, na ni ngumu kuiva. Ile ya ziwani iliyovunwa kwa mkono ni ya kahawia, mara nyingine na ukijani wa mbali, huiva haraka, na ina harufu ya moshi ambayo haiigiki. Aina zote mbili huandikwa jina lilelile kwenye menyu. Muulize mhudumu imevunwa wapi na nani. Akikutajia ziwa, au jamii ya Waojibwe iliyoivuna, kama White Earth au Leech Lake, kaa ule.

Mimi ni mtu wa samaki. Niagize nini?

Walleye. Ndiye samaki rasmi wa jimbo tangu 1965. Ana nyama nyeupe isiyo na mafuta mengi, na mtu wa Kanda ya Ziwa atasema yuko katikati ya sato na sangara, ila mtamu zaidi kidogo. Baa za vijijini humchovya kwenye uji wa unga na kumzamisha kwenye mafuta. Kwenye mgahawa wa hadhi mtafute aliyekaangwa kwa mafuta kidogo, ngozi ikiwa juu na kavu.

Sehemu kubwa ya walleye wanaoliwa migahawani Minnesota wanatoka Kanada. Wanaovua kibiashara ndani ya jimbo hasa ni Waojibwe wa Red Lake, kwenye ziwa lao wenyewe kule kaskazini. Ziwa hilo lilivuliwa kupita kiasi, samaki wakakaribia kwisha katika miaka ya 1990, wavuvi wakaweka nyavu chini, na uvuvi ukarudi 2006. Nimekulia karibu na mialo ya Ziwa Victoria, nimeona nyavu zikirudi tupu, na habari hii ilinigusa sana nilipoisikia mara ya kwanza. Nikiona Red Lake imeandikwa kwenye menyu, siangalii kingine.

Mume wangu haoni chakula bila nyama ya ng'ombe. Tumpeleke wapi?

Murray's, katikati ya Minneapolis. Ipo tangu 1946, na ukiingia unaona kabisa kwamba hawana haraka ya kubadilika. Agizeni steki yao maarufu, Silver Butter Knife, ya watu wawili, inayokaribia gramu 800. Jina lake linatokana na madai kwamba kisu cha siagi kinatosha kuikata. Mhudumu anaikata mbele yenu mezani, vipande vinalala upande mmoja mmoja, katikati vyekundu. Kama kwenu nyama nyekundu haipiti, sema tangu mwanzo unaitaka iive kabisa, na usiwe na aibu. Wewe ndiye unayelipa.

Nimesema mapema kitambaa cheupe na divai vipo kila mji mkubwa, na steki nzuri ni vivyo hivyo. Hii naitetea kwa sababu ya nyumba yenyewe: mababu walioposana hapo wanarudi na wajukuu.

Nasikia sana majina ya Spoon and Stable na Demi. Kuna tofauti gani?

Yote miwili ni ya Gavin Kaysen, mpishi aliyekulia Minnesota, akaongoza jiko la Café Boulud jijini New York, kisha akarudi nyumbani. Spoon and Stable ilifunguliwa Novemba 2014 katika mtaa wa North Loop, ndani ya jengo ambalo zamani lilikuwa zizi la farasi. Ndiyo maana ya neno la pili la jina. Ni ukumbi mkubwa, wenye sauti na vicheko, na unaagiza unachotaka. Ikiwa nyama ya kupikwa taratibu inayoitwa Dorothy's Pot Roast ipo siku hiyo, ianze hiyo. Dorothy ni bibi yake mpishi. Mezani kwetu mtu mmoja huagiza hiyo kila tukienda, na wengine wote humchokonolea sahani.

Demi ni kitu kingine kabisa. Ina viti 20 tu vilivyozunguka kaunta, wapishi wako katikati, nawe huchagui chochote: zinakuja sahani ndogondogo moja baada ya nyingine, na malipo hufanyika unapoweka nafasi. Andaa zaidi ya dola 100 kwa kichwa kabla ya kinywaji, na jioni nzima bila ratiba nyingine. Nawashauri wanandoa, au mtu anayependa kutazama kazi ya mikono. Ukiwa na njaa kali ya safari ya saa sita barabarani, nenda Spoon and Stable.

Kuna chakula cha wahamiaji kwenye ngazi hii?

Kipo, na hapa ndipo Minneapolis inanipa fahari. Vinai, upande wa Northeast, ni ya Yia Vang. Ni Mhmong, jamii yenye asili ya milima ya Laos na nchi jirani, na mgahawa ameupa jina la Ban Vinai, kambi ya wakimbizi nchini Thailand alikozaliwa. Wahmong ni jamii kubwa sana hapa, hasa Saint Paul, na kwa miaka mingi chakula chao kilikuwa cha sokoni na nyumbani tu. Yeye amekipandisha mezani bila kukiondolea pilipili. Utapata nyama za kuchoma juu ya moto, wali wa kunata, mchuzi wa pilipili unaotoa jasho. Unakula kwa kushirikiana, sahani katikati, kama kwetu. Watu waliopitia kambi za Kigoma au Kakuma na sasa wanaishi Marekani wameniambia jina lile pekee liliwafanya wakae kimya kidogo kabla ya kuagiza.

Hai Hai, pia Northeast, ni ya Christina Nguyen, aliyepata tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa Midwest, yaani kanda hii ya kati ya Marekani, mwaka 2024. Vyakula vyake ni vya Vietnam na majirani zake.

Na kama unatafuta kipya zaidi, Bûcheron imefunguliwa mwanzoni mwa 2024 kusini mwa jiji, ikatwaa tuzo ya mgahawa mpya bora wa nchi mwaka 2025. Jina ni la Kifaransa, maana yake mkata miti. Ni mahali padogo, kwa hiyo weka nafasi mapema sana.

Naelekea Duluth na Ziwa Superior. Nisimame wapi?

Kutoka Minneapolis hadi Duluth ni kama kilomita 250, saa mbili na nusu. Ukifika kileleni mwa mlima kabla ya mji, ziwa linafunguka mbele yako lote kwa mara moja. Ndilo ziwa kubwa kuliko yote ya maji baridi duniani kwa eneo, takriban kilomita za mraba 82,000. La pili ni letu, Victoria, na sisi wa Mwanza tunalijua hilo kwa moyo.

Toka Duluth, acha barabara kuu, shika ile ya zamani inayofuata ufuko kuelekea Two Harbors. Hapo ndipo ilipo New Scenic Café, ya mpishi Scott Graden tangu 1999. Kwa nje utadhani ni kibanda cha kahawa cha wasafiri. Ndani wanapika samaki wa ziwani na mboga za msimu kwa uangalifu wa jiji kubwa, na pai zao usiziruke. Weka nafasi, hasa Oktoba majani yanapogeuka rangi.

Ukiendelea mpaka Grand Marais, kilomita 175 hivi kutoka Duluth, na kupita mbele kidogo, utakuta Naniboujou Lodge, iliyofunguliwa 1929. Ukumbi wake wa chakula umechorwa rangi kali kuta na dari, na mwisho wake kuna meko kubwa ya mawe ya ufukweni. Ni mgahawa wa kukaa na kutazama juu. Hufunguliwa kwa msimu, hivyo piga simu kwanza.

Tahadhari moja: kurasa nyingi za zamani bado zinapendekeza kula Lutsen Lodge. Jengo lile liliungua Februari 2024. Kuna msafiri aliyenipigia akiwa amesimama mbele ya uzio.

Sisi ni Waislamu. Tutakula nini?

Minnesota ina jamii kubwa ya Wasomali kuliko jimbo lolote la Marekani, kwa hiyo neno halali halimshangazi mhudumu. Lakini usidhani kwamba nyama imechinjwa kihalali kwa sababu tu mgahawa ni wa kisasa, mingi haina. Shemeji yangu wa Tanga hufanya hivi: anapiga simu siku moja kabla, anasema wazi kwamba atakula samaki na mboga, na anauliza mambo matatu. Mchuzi una divai? Mboga zimekaangwa kwa mafuta ya nguruwe? Kitindamlo kina jelatini? Wapishi wa ngazi hii wakijulishwa mapema hufurahi kubadilisha. Ukiwashtukiza saa ya kuagiza, jikoni pameshachemka.

Owamni hawapiki nguruwe, na hilo linapunguza wasiwasi, ila kuhusu uchinjaji uliza vilevile.

Nafasi inawekwaje?

Kwa programu kama OpenTable au Resy, au kwa simu. Ijumaa na Jumamosi hujaa wiki kadhaa kabla, Jumanne utapata. Wapweke na wawili wawili wajaribu kaunta ya baa, ambako mara nyingi menyu ni ileile.

Kuhusu saa, andika vizuri. Saa moja jioni yetu ndiyo 7:00 PM yao. Wageni wangu wawili waliowasili kutoka Dar walitamka "one" kwenye simu, wakaandikiwa saa saba mchana. Walipotokea usiku meza ilikuwa imeshahesabiwa kuwa ya watu wasiofika, na mgahawa huo, ambao sitautaja, ukakata dola 50 kwenye kadi yangu. Kuchelewa nako hakuvumiliwi: dakika 15, meza imekwenda. Na watu wa hapa hula mapema. Saa tatu usiku majiko mengi yanaanza kufungwa.

Nivae nini?

Nadhifu inatosha. Shati la kitenge, gauni, dera la kutokea, vyote nimeviona na vyote vilipokelewa kwa tabasamu. Suti si lazima popote nilipotaja. Januari vaa viatu vya theluji hadi mlangoni. Usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 20 hasi, na koti litapokelewa ukiingia.

Itanigharimu kiasi gani, na bakshishi je?

Sahani kuu kwenye migahawa hii mara nyingi ni dola 30 hadi 60. Bei ya menyu haina kodi. Kodi ya mauzo ya jimbo ni 6.875%, juu yake kuna za kaunti na jiji, na katikati ya Minneapolis kuna nyingine ya migahawa ya 3%.

Minnesota ni kati ya majimbo machache ambako mwajiri lazima amlipe mhudumu kima cha chini kamili bila kuhesabu bakshishi. Hata hivyo desturi ya 18 hadi 20% ipo palepale. Migahawa mingine huweka bakshishi ya lazima kwenye bili yenyewe. Soma mstari wa chini wa menyu, usije ukalipa mara mbili. Ukiwa na shaka, uliza. Swali hilo halimkeri mtu.

Ukiagiza pombe, hata kama una mvi, chukua pasipoti au kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa.

Nina watoto, au nina mzazi mzee. Inawezekana?

Ndiyo, isipokuwa Demi. Nenda saa kumi na moja jioni, mlango unapofunguliwa, kabla ya kelele. Kwa mzazi, omba meza iliyo mbali na mlango. Upepo wa hapa una meno.

Nimeipenda ile manoomin. Naweza kununua nikapike mwenyewe?

Nunua, lakini si ile ya boksi la dukani. Tafuta mfuko ulioandikwa kwamba imevunwa kwa mkono na jina la jamii iliyoivuna. Bei ni kubwa zaidi, na inastahili.

Ioshe mara mbili. Kikombe kimoja cha nafaka, vikombe vitatu vya maji, chumvi kidogo. Ikichemka punguza moto, funika, anza kuichungulia baada ya dakika 20. Punje ya ziwani huvimba, halafu inapasuka ubavuni na kuonyesha weupe wa ndani. Zikishapasuka kama nusu, zima moto, usiondoe mfuniko, na maji yaliyobaki usiyamwage: yana rangi ya chai ya mkandaa na harufu ya kuni, mama huyanywa kwenye kikombe kabla hata chakula hakijapakuliwa.